Ng'ombe Wasio na Majina

Séphora alitoka zamu ya kulea wazee akiwa hoi, akaegemeza kichwa kwenye dirisha la basi. Lakini nyuma yake walitajwa ng'ombe, na mtu wa milima ya Kivu hasinzii ng'ombe wakitajwa.

“Wahindi wa zamani, papa, utajiri wao ilikuwa ng'ombe,” msichana wa chuo, kitabu cha historia mapajani, alimwambia mzee aliyekaa kando yake. “Hata vita, donc, walipigania ng'ombe.”

“Basi ni ndugu zetu. Ng'ombe wao waliitwa nani na nani?”

“Kitabu haisemi. Na mtihani haitauliza.”

“Bon, aliyeandika hakuwahi kukamua. Ng'ombe bila jina ni nyama tu.”

Msichana akafungua kinywa abishe. Basi likasimama mbele ya kiwanda cha nyama. Mzee akavaa kofia yake ya wavu, akashuka kazini.