Mwantumu wa Bustani ya Mnyuzi Hakumtilia Mtu Sumu

Miaka kumi na miwili, tangu treni ianze kusimama Mnyuzi, Mwantumu binti Mdoe amelima bustani ya mboga ya shamba la mkonge. Leo, Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Mosi, anaweka jembe chini, nasi tumekusanyika kumuaga. Mnaosema anapumzika kwa uzee, semeni. Sisi tuliolima naye tunajua anafukuzwa.

Alikuta kabichi zimetobolewa na viwavi kama chujio. Akapanda utupa pembezoni, ule mmea wa sumu wanaovulia samaki, akawa anatwanga majani yake, anayaloweka mpaka asubuhi, anachuja, ananyunyiza kwa kifagio. Viwavi wakaanguka. Kinu cha utupa hakikuguswa kwa chakula. Zuena, jirani yetu, alikwenda kukiazima atwange mpunga, akafokewa mpaka njiani. Jioni akapelekewa mchele uliokwisha pepetwa. Ndivyo alivyo huyu, anakugombeza kisha anakulisha.

Tuta lililonyunyizwa alilizungushia kamba ya mgomba. Kamba ikiwapo hakuna kuchuma, hata aje nani. Watoto wa manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali, Kiswahili hawajakijua, kamba ile waliijua.

Stefano, nyapara wetu, naye aliijua. Mwezi uliopita wageni wa Bwana Mkubwa, mwenye shamba, waliteremka bila taarifa, mpishi akataka kabichi upesi. Stefano akaogopa kiboko, akakata kamba, akachuma. Kabichi zikaliwa mbichi, hazikuoshwa. Wageni wakatapika. Alipoulizwa, Stefano akasema Mwantumu ni mchawi. Na ninyi mliowakuza watoto wenu kwa mchicha wake mkatazama chini.

Mwantumu hakulia. Alimwambia Bwana Mkubwa, "Kamba niliifunga mimi. Aliyeikata yupo hapa, muulizeni." Hakuna aliyeuliza. Zuena alikuwa akipalilia, aliona yote, akanyamaza kwa kuwa mumewe yu chini ya nyapara. Nimekwisha mwambia usoni, na hapa nalirudia.

Stefano, mgongo ni mgongo, hofu yako naielewa. Lakini wageni walipona, wamekwenda zao. Huyu anakwenda Kwedizinga kwa binti yake, na neno mchawi litafika kabla yake. Wali umeiva, mbuzi ameiva. Chungu hakifunuliwi mpaka usimame useme ulichofanya. Tukilala njaa, tulale.

Mwantumu, ahsante kwa kila jani ulilotulisha. Kaa na wajukuu, unenepe, uwagombeze mpaka wakuzoee. Mungu akupe siku nyingi za raha, na jina lako uondoke nalo likiwa safi.