Lami Anajifunza Theluji Mbichi

Benchi letu liko ubavuni mwa kituo cha mafuta, pale ambapo joto la jikoni linatokea ukutani kwa bomba, ndiyo maana hatugandi hata Machi. Saa nne kamili Gunvor, mwenye kituo, hututolea birika la kahawa na vipande vya jibini vya kutumbukiza kikombeni, kisha hurudi ndani akinung'unika mambo ambayo tumezoea kutoyasikia. Mbele yetu kuna pampu mbili, kisha barabara, kisha uwanja wenye theluji ya kiunoni, kisha kinamasi cha Vuoma kilichoganda hadi upeo wa macho. Wa kudumu hapa ni watatu. Hilding tunamwita Ramani. Alikuwa mpima ardhi, na ukimwuliza njia ya kwenda kanisani utatokea mpakani. Sixten ni Mkanda, kwa sababu mkanda wa skuta yake, yaani pikipiki ya theluji, hukatika kila msimu, na kila msimu ana mtu wa kumlaumu. Mimi ni Mkate, toka enzi nilipokuwa na tanuri. Wa nne hukaa ukingoni na husema kidogo. Ni Valfrid, aliyeendesha greda la kusafisha barabara miaka thelathini na moja, na hatujamwita kingine zaidi ya Lami.

Jumatatu hiyo Lami alifika akavua kofia. Huwa haivui.

— Nataka mnifundishe kutoka nje ya njia, akasema.

— Njia ipi? akauliza Ramani.

— Ya skuta. Hii yenye alama za misalaba myekundu. Nataka nitoke humo nikate Vuoma katikati.

Tukatazamana. Ng'ambo ya Vuoma kuna ziwa, na kando ya ziwa kuna nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo anaishi Irja. Kila baada ya wiki mbili Irja hushuka kununua unga na petroli, na kabla hajashuka tena theluji huwa imezifunika alama zake. Miaka mitatu sasa Lami humbebea madumu mpaka kwenye skuta yake, na katika miaka hiyo mitatu ameweza kumwambia "leo baridi" na "leo siyo baridi sana."

— Kakuita! Mkanda akaruka nusu amwage kahawa.

— Kasema Jumamosi anavua samaki. Kasema nikitaka, niende.

— "Ukitaka" kasema yeye mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Basi huyo ni shemeji, nikasema mimi. Hamna mjadala.

Lami akawa mwekundu mpaka masikioni.

— Shida ni kwamba theluji siijui, akasema.

— We Lami! Miaka thelathini na moja umeshinda kwenye theluji!

— Nilikuwa naiondoa, Mkanda. Sijawahi kupanda juu yake.

Hapo ndipo tulipomchukua mikononi mwetu.

— Sikia, akaanza Ramani, akachora mezani kwa kidole. Theluji mbichi, isiyokanyagwa, ina matabaka saba. Skuta inatakiwa iogelee kwenye la tatu.

— La tano, akasema Mkanda.

— Aprili ndiyo la tano. Sasa hivi ni la tatu.

— Nitajuaje niko la ngapi? akauliza Lami.

— Utasikia magotini, akasema Ramani, na Lami akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Saa tano alikuwa uwanjani ng'ambo ya barabara, juu ya skuta yake ya buluu, kamba ya kuzimia injini imefungwa kwenye koti kama inavyotakiwa. Alikuwa amekaa kitako, mgongo wima, mikono miwili imeshika usukani kama vile anategemea gari lije mbele yake. Akabonyeza mafuta. Skuta ikaruka nje ya njia, theluji ikapasuka pande zote, na kwa kweli ilipendeza.

Kila anayejua skuta anajua kwamba kwenye theluji mbichi hukai. Unapanda wima, unaiegemeza kwa mwili mzima, na mafuta huachii. Kwa hiyo wote watatu tukapiga kelele kwa sauti moja:

— Simama! Lami, simama!

Lami akasimama. Aliachia mafuta, akafunga breki, na skuta ikazama taratibu mpaka ikabaki kioo.

— Mbona umesimama? akafoka Mkanda.

— Si mmeniambia nisimame!

— Tumekwambia usimame, siyo usimame!

— Hilo ni neno lilelile!

— Simama kwa miguu, bwana! Siyo usimame kwa skuta!

— Sasa miguu yangu naiona? Iko huko chini na skuta!

Tukambebea beleshi. Kuifukua kulimchukua dakika arobaini, lakini akishaanza kusafisha haachi. Alipoitoa skuta akaendelea kuchimba kuelekea barabarani, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula, theluji yote imewekwa upande wa kulia.

— Mwacheni tu hivyohivyo, nikasema. Mpaka Jumamosi atakuwa amefika kwa shemeji kwa beleshi.

Jumanne Mkanda alikuja na wazo. Alikuja pia na magunia mawili ya viazi.

— Kosa lake ni uzito, akasema. Mtu anayeanza hajui kuegemea. Basi viazi vitaegemea kwa niaba yake.

— Upande gani? akauliza Lami.

— Kushoto. Kwenda kwa Irja unapinda kushoto.

Tukayafunga kushoto. Lami akaondoka amesimama wima, tukashangilia. Akapinda kushoto, vizuri sana. Akaendelea kupinda. Alizunguka uwanja mara kumi na moja, tulihesabu, na kila akipita mbele yetu alitutazama kwa macho ya kuomba msaada.

— Nyoosha! akapiga kelele Ramani.

— Viazi havitaki!

Jumatano Ramani akasema hakulala akifikiria, na kwamba tulikuwa tunatibu skuta wakati mgonjwa ni mwenyewe.

— Theluji inapima mawazo, akasema. Mtu mwenye wasiwasi ana kilo tano zaidi. Lami, ukiwa juu yake unawaza nini?

— Nawaza nitamwambia nini nikifika.

— Ndiyo hizo! Tazama alivyo, hizo ni kilo nane! Waza kitu chepesi. Waza manyoya ya bata.

Na mimi sikubaki nyuma, nakiri. Niliwaambia kwamba theluji ni unga uliokandwa, kwamba unga hauchomwi kidole bali hukunjwa, na kwamba ukitaka isijue uko juu yake inabidi uende ukikatakata kushoto kulia, na usile kitu asubuhi. Sijui nililitoa wapi hilo la kutokula. Lilitoka lenyewe, na likishatoka huwezi kulirudisha mbele ya Mkanda.

Kwa hiyo Alhamisi Lami alitoka bila uji, akiwaza bata, gunia moja kushoto na moja kulia ili mambo yasawazike, akikatakata kama sungura anayefukuzwa. Aliingia mtaroni kichwa mbele. Kamba ikazima injini, kukawa kimya, na viazi vikawa vinabingirika kimoja kimoja kuelekea pampu.

Alitambaa akatoka. Alikaa juu ya tangi la skuta, theluji imejaa ndani ya kola, akatazama upande wa Vuoma. Pale ndipo nilipoona kwamba kwake haikuwa mchezo.

— Nitamwambia siendi, akasema.

Gunvor akatoka na mkate na siagi, akampa, akangoja aumalize.

— Valfrid, ulipokuwa na greda ulikuwa unaangalia wapi?

— Mbele. Mbali.

— Siyo kwenye sahani ya mbele, ile inayosukuma theluji?

— Ukiangalia sahani utaingia mtaroni.

— Basi, akasema Gunvor, akarudi ndani.

— Huyu mama hajui matabaka, akasema Ramani.

Ijumaa Lami hakutokea benchini. Mtu alisema amemwona nyuma ya kanisa, peke yake, akienda na kurudi, akizama na kuchimba, akizama na kuchimba.

Jumamosi alikuja amenyoa. Alikuwa na keki ndani ya bati, amelizungushia taulo, amelifunga nyuma ya kiti.

— Saa tisa niko hapa, akasema. Nikichelewa msiwe na wasiwasi.

— Na maji, nikamwambia. Ukifika ziwani usitue katikati. Chini ya theluji kuna maji juu ya barafu, ukisimama tu unalowa.

Hilo lilikuwa neno pekee la maana nililomwambia wiki nzima, na nililisema kwa sababu niliogopa.

Akaenda. Kwenye msalaba wa tatu akaacha njia. Alikuwa amesimama, magoti yamekunjwa kidogo, kichwa juu, anaangalia mbali kabisa. Skuta ikalala upande, ikanyanyuka, ikapita. Hatukupiga kelele yoyote. Akaingia kwenye miti midogo ya mwisho wa Vuoma na vumbi jeupe likabaki hewani. Tuliisikiliza injini. Baada ya dakika sita hivi ikakatika ghafla.

— Kafika, akasema Mkanda.

— Dakika sita hafiki, akasema Ramani.

Saa tisa ikapita. Ikafika tisa na nusu.

— Mimi nadhani kasi ilimzidi, akasema Ramani. Dunia inainamia upande ule. Mtu akishika mwendo anateleza mpaka Norwei.

— Na injini imezima?

— Hata imezima. Mteremko.

— Anazunguka, akasema Mkanda. Alizoea kushoto. Yuko kwenye duara mahali fulani.

— Bila mlio?

— Mafuta yameisha, anazunguka polepole.

Mimi nikasema labda ameingia kwenye tabaka la sita, lile ambalo dubu hulalia, na kule kuna joto, tutamwona Mei akiwa amenenepa. Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami, kwa sababu wote tulikuwa tunawaza maji.

Gunvor alisimama mlangoni.

— Nani anakwenda kumtafuta?

— Mkanda wangu, akasema Mkanda. Unajua ulivyo.

— Goti, akasema Ramani. La kulia, ndilo unaloegemea.

Nikasema skuta yangu iko nyuma ya kuni, na kuni zenyewe ni nyingi. Ilikuwa kweli. Zilikuwa kuni za nusu saa.

Gunvor akachukua funguo. Akageuza kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, akaingia kuvaa. Alipotoka na kofia ngumu mkononi, tukausikia mlio.

Skuta ya buluu ilitoka kwenye miti. Ilikuwa inakuja vizuri, vizuri mno, na aliyeiendesha alikuwa mwembamba. Mkanda akasimama. Skuta ya Lami ilikuwa inakuja bila Lami.

Irja akazima injini mbele ya pampu, akavua kofia.

— Yuko wapi? akauliza Gunvor.

— Yuko jikoni kwangu, miguu kwenye beseni.

— Mzima?

— Mzima. Alizama kwenye maji hatua arobaini kutoka mlangoni. Akaogopa kuisogeza skuta, akaja kwa miguu, bati la keki kichwani. Buti zimejaa, suruali imeganda imesimama kama bomba. Kavaa suruali yangu ya kuvulia. Tumeivuta skuta pamoja, tumeikausha, nami nimekuja nayo kuijaribu. — Akatabasamu kidogo. — Anaongea sana, yule. Sikujua.

— Lami? Anaongea? akauliza Ramani.

— Toka saa tano. Tumemaliza barabara zote alizosafisha, sasa yuko kwenye madaraja. Kahawa ndiyo imekwisha, ndiyo maana nimekuja. Na alikuwa na wasiwasi juu yenu. Akasema, wale wazee watakuwa wamehangaika, nenda uwaambie.

Gunvor aliichukua chupa ya kahawa ya Irja akaingia nayo ndani kuijaza, na Irja akabaki amesimama mbele ya benchi, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

— Kasema mlimfundisha ninyi.

— Kidogo, akasema Mkanda.

— Siku tano, naye kafika. Mimi niko kule miaka kumi na moja. Moshi wangu mnauona kutoka hapa, mmekaa. — Irja hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza saa. — Kwa nini hamjawahi kuja?

Ramani alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta tabaka la kulisema, akalikosa.

— Hakuna njia, nikasema mimi.

Irja akageuka akatazama Vuoma. Alama ya Lami ya kwenda ilikuwa pale, na ya kwake ya kuja kando yake, mistari miwili kutoka kwenye miti mpaka msalaba wa tatu, baridi imeshaanza kuikaza iwe njia.

— Na sasa?

Akangoja, bila haraka, kama anavyongoja mtu aliyezoea kukaa juu ya tundu la barafu akisubiri samaki. Mkanda alichunguza glavu zake. Gunvor akaleta chupa, Irja akaitia kifuani ndani ya koti, akavaa kofia, akaondoka amesimama. Mlio wake ulipopotea, Ramani alisema tu kwamba upepo umegeuka, na kwamba kufikia kesho alama zitakuwa zimefukiwa.