Matope ya Mama yake Michel

Kulikuwa na wazee pale Mubi, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, benchi lao lilikuwa gogo mbele ya duka, na kahawa waliipika wenyewe. Siku hiyo Michel alikaa kwenye ncha ya gogo ili asiutazame mguu wa Nestor, ulionyooshwa juu ya kigoda, kidonda kimefungwa kitambaa. Sindano zilikuwa zimeshindwa. Kesho gari la hospitali lilikuwa linakuja kumchukua, akakatwe mguu.

— Dereva wa munganga wa hospitali alinielezea kule Hombo, alisema Édouard, waliyemwita Kamioni kwa kuwa zamani alipakia malori. Mu matope ya kinamasi muko tududu, macho haituone. Tuko makabila mingi kama siku ya soko. Kila kabila inatengeneza sumu ya kufukuza jirani. Wazungu njo wanakamata ile sumu, wanatia mu sindano.

— Kumbe nilipigwa matope ya kupikwa, alisema Nestor.

— Njo vile. Nguruwe ya pori, ulishaionaka ku mulango ya dispensere? Inalala mu matope, inapona.

— Basi hata maji yenye wamama wanalowekea mihogo iko dawa, alisema Nestor. Ile harufu haiko ya bure.

— Tulale humo wote, tusikufe tena.

Wakacheka. Michel hakucheka. Marehemu mama yake alitibu vidonda vya namna hiyo kwa matope meusi ya kinamasini, akiyafunga ndani ya majani. Hakuchota popote tu, haya aliyaacha, yale aliyachukua. Aliwaita wao, wangali vijana, wamfuate awaonyeshe. Wao walikuwa wamebatizwa majuzi, wakaona haya. Michel, mwanawe wa kumzaa, ndiye alikuwa wa kwanza kukataa.

Hapo akafika Céline, mke wa Nestor, mtoto wa milima ya Masisi, aliyeolewa huku Mubi mama yake Michel akiwa amekwisha kuzikwa. Kikwembe amekikaza kiunoni, jembe mkononi.

— Samahani, Papa Michel. Nestor anasema matope ya mama yenu ilimuponyeshaka akiwa mutoto. Alikuwa anachota fasi gani?

Kamioni akamtazama Nestor. Nestor akamtazama Michel.

— Kinamasi iko kubwa, mama, alisema Michel.

— Najua iko kubwa, papa. Njo maana nauliza.

Michel aliijua njia mpaka mtoni. Ng'ambo ya mto, mama yake alikuwa akienda peke yake.