Mama Viroboto na Glasi ya Dirishani

Tarehe thelathini mwezi huu, mtunza maabara yetu ya biolojia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Faili la ofisini linamtaja kwa cheo chake. Sisi wengine, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Viroboto, naye huitika.

Viroboto wenyewe si wale wanaouma mbwa. Ni vidudu vya majini, vidogo kama chembe ya mchanga, na miili yao hupitisha mwanga, hivyo chini ya hadubini unauona moyo ukipiga. Alikuja nao mwaka wake wa kwanza ndani ya chupa ya jemu, akawapa tangi la kioo karibu na dirisha, akawalisha maji ya hamira. Waliomo leo ni vitukuu wa vitukuu wao.

Kila aliyesoma hapa analikumbuka somo lile. Kiroboto mmoja kwenye maji matupu, mwenzake kwenye maji yenye matone ya kahawa. Moyo wao hauhesabiki kwa mdomo, kwa hiyo wanafunzi waligonga penseli karatasini, nukta moja kwa kila pigo, na maabara nzima ikalia kama mvua juu ya bati. Moyo wa aliyepewa kahawa ulikwenda mbio zaidi, kila mwaka.

Isipokuwa mwaka ule birika la ofisi ya walimu lilipoungua, walimu wakaazima la maabara, lile la kuwatilia viroboto maji, wakachemshia kahawa na kulirudisha limesuuzwa juujuu. Siku hiyo viroboto wote walikwenda mbio. Wanafunzi wakataka kupika majibu. Mama Viroboto akanusa birika, akacheka mpaka akashika meza, kisha akawaagiza waandike walichokiona. Tangu hapo birika lake lina utepe mwekundu, na ole wako ukiligusa.

Likizo ndefu aliwabeba nyumbani ndani ya ndoo. Mumewe alilalamika kwamba alioa mke mmoja akaletewa ukoo. Lakini mkewe alipolazwa hospitali, ni yeye aliyekoroga hamira asubuhi na jioni, na hakufa hata mmoja.

Desturi yake tuliyoipenda zaidi ni ya glasi. Kiroboto aliyepewa kahawa hakumwagwa kwenye sinki. Aliwekwa katika glasi ya maji safi dirishani mpaka moyo utulie, ndipo akarudishwa tangini. Amefanya kazi, alikuwa akisema, naye apumzike.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba anastaafu, hakuuliza habari ya zawadi. Aliuliza nani atalitunza tangi, maana mahali pale palikuwa pameshapangiwa mashine ya fotokopi. Kikao kizima tukatazama viatu vyetu. Uso wake ukaporomoka.

Ndipo mwalimu wetu wa kemia akanyoosha mkono. Zamani alikuwa mwanafunzi hapahapa, na alilia katika maabara ile akidhani kahawa imemuua kiroboto wake. Mama Viroboto alimsimamisha mbele ya glasi mpaka alipoona mwenyewe moyo unatulia. Sasa akasema tangi atalitunza yeye, na birika pia, na mashine itafutiwe kona nyingine.

Ijumaa walikabidhiana. Mama Viroboto alilinusa birika kwanza, mazoea hayana dawa, kisha akampa mwenzake. Akainamia hadubini muda mrefu, na alipoinuka akasingizia kwamba taa ni kali mno.

Mama, ahsante. Leo mioyo yetu inakwenda mbio na hatujaonja kahawa. Umefanya kazi; zamu yako ya dirishani imefika. Maji yawe safi, mwanga uwe wa kutosha, na Baba apate walau mwaka mmoja bila ndoo. Ila usisahau kanuni yako mwenyewe: aliyepumzika kwenye glasi hurudi tangini kuwaona wenzake. Tutakungoja.