Kikohozi cha Kutu

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa nusu macho nusu usingizi, kichwa kimeegemea dirisha la treni, sauti za abiria wa karibu yake zikimjia kama kutoka chini ya maji. Hakuna ubishi mtamu kama wa watu wasiojuana.

"Kutu ndiyo bendi pekee ya muziki wa panki iliyobaki, mama," alisema kijana, akiivuta fulana yake yenye picha ya bendi.

"Imebaki nini, mwanangu?" akajibu mama aliyekaa mbele yake. "Mwimbaji kaokoka, wa gitaa kawa kinyozi, wa besi tumeshamzika. Hawa wa leo wapangaji tu."

"Lakini wanaijua! Kila mpiga ngoma mpya lazima akohoe mara mbili kabla ya kuanza. Ndiyo alama yao."

Mama akacheka. "Alama! Siku ile ya kurekodi wimbo wao wa kwanza, yule mpiga ngoma wa mwanzo alikuwa na mafua tu."

"Nani kakudanganya?"

Treni ikasimama. Mama akainuka, akashika kifua, akakohoa mara mbili, akashuka.

Muuguzi akafumbua macho. Kijana mdomo wake ulikuwa bado unabisha, lakini vidole vyake vilishaanza kupiga ngoma mapajani.