Wingu Juu ya Picha ya Théodule

Baba Paroko, mjane wetu Josephte, ndugu na majirani, mimi Philomène, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma maisha yake hapa kaburini, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo mtu mmoja aliyesimama hapa angependa niyaruke.

Marehemu Théodule Perrissoud alizaliwa tarehe 4 Machi 1831, hapa hapa bondeni Chamonix, akasomeshwa na paroko aliyetangulia hadi mwaka 1843, kisha akaanza kuwapandisha wageni mlimani. Mwaka 1858 Bwana Auguste Vuillod, mpiga picha wa Sallanches, alimchukua ambebee kamera na vioo vya kunasia picha, na haikuchukua muda mwanafunzi akamshinda mwalimu, kwani ndiye aliyejua kungoja kivuli cha asubuhi, jiwe jeusi likae mbele, ukungu katikati, kilele nyuma, mpaka mtazamaji ahisi baridi akiwa kando ya jiko lake.

Tarehe 12 Januari 1860 alifunga ndoa na Josephte, wakajaliwa Célestin mwaka 1861 na Marie mwaka 1864.

Kwa Vuillod mlima ulikuwa haujawa mlima mpaka asimamishwe mtu mbali kabisa, mdogo, ndipo ukubwa uonekane, na hilo marehemu alilikubali, lakini kuhusu mbingu waligombana. Vioo vile huitoa mbingu nyeupe tupu, basi Vuillod alikuwa na kioo chake kimoja cha mawingu, akayachapa juu ya kila mlima. "We Théo, nani atanunua mbingu tupu?" alimcheka mezani kwetu, anakula jibini yetu, na mdogo wangu akamjibu, "Mbingu ya Jumanne haikai juu ya mlima wa Jumapili, bwana."

Marehemu hakuugua. Alianguka kutoka ukingo wa barafu mchana wa tarehe 17 Agosti 1866, na Bwana Vuillod anasema dhoruba iliwavamia, marehemu akakimbia ovyo, akateleza, eti uzembe wake mwenyewe, na ametuletea picha ya siku hiyo iwe shahidi, mawingu mazito juu, na Théodule kama punje pale pembeni, ametutazama, mgongo kwenye shimo.

Haya. Wingu lile lenye masikio ya sungura nalijua, lipo ukutani jikoni kwangu tangu mwaka juzi, katika picha yake nyingine, juu ya mlima mwingine kabisa. Na siku hiyo, majirani, si sote tulikuwa tunageuza majani ya ng'ombe juani? Tena kioo hukawia kunasa picha, anayekimbia hutoka ukungu mtupu, lakini mdogo wangu, ukimtazama kwa karibu, ametoka wazi hadi vifungo vya koti, ametulia, anatii. Naumia sana, jamani.

Tunamshukuru daktari wa Sallanches, majirani waliomshusha kwa machela, na wenzake wa kazi waliochimba kaburi hili. Tunakushukuru nawe, Bwana Vuillod, kwa picha, na kabla udongo haujamfunika tunakuomba usogee, usogee tena kidogo, simama hapo hapo ukingoni, utuambie ulimwambia arudi nyuma mpaka wapi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, leo mbingu ni tupu, na ni yako.