Dereva Karudi, Dereva Hakurudi

Apa kwanza. Apa hutamwambia hata mto unaolalia, maana mdomo wako nao una miguu. Haya, umeapa, sogea. Unalijua lile benchi la pembeni ya kinyozi, mguu mmoja wameuwekea tofali? Kila alasiri wanakaa watatu pale na birika la kahawa. Wembe, ndiye kinyozi mwenyewe. Gundi, fundi viatu, mbishi hata usingizini. Na Wino, yule anayeandika vitabu. Zamani kitabu cha Wino kikitoka, alikuja na boksi, wanalipasua kwa kisu cha Gundi, kila mtu ananusa karatasi. Hiki kipya hakina boksi, kimo ndani ya simu tu. Ni habari za dereva wa lori aliyeondoka kwake, mkewe anamngoja miaka kumi na miwili. Sasa juzi Gundi na Wembe wakaanza kukisifia, na sifa ndizo zilizoleta ugomvi.

— Mimi nimependa pale mwisho, Gundi akasema. Jamaa anagonga mlango, mkewe anamwambia, "Vua viatu, nimepiga deki."

— Nani kagonga? Wembe akauliza. Dereva harudi yule. Mke anabadilisha kitasa, basi, kitabu kimeisha.

— Wewe umesoma na povu la sabuni machoni.

— Na wewe umesomea kwenye hicho kioo chenye ufa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu linaingiaje hapa?

— Si wewe fundi viatu?

Hapo nilicheka mpaka anayenisimulia ikabidi aanze upya.

Basi wakatoa simu, wakazilaza sambamba juu ya benchi. Na kweli. Jina moja, jalada moja. Kwa Gundi mtu anagonga mlango, kwa Wembe kitasa kipya.

— Ni hawa watu wa mtandao, Wembe akasema. Bando likikaribia kuisha, wanakukatia mwisho mzuri.

— Siyo. Simu inasikiliza. Kwangu imesikia mimi na mama watoto tunavyoelewana, ikamrudisha mtu. Kwako imesikia yanayosikika.

— Basi yako kiziwi. Wiki nzima si unakula kwa dada yako?

— Wewe cheka. Haba na haba hujaza kibaba. Leo wamemgeuza dereva, kesho tunaamka vitambulisho vina majina mengine.

Muda wote huo Wino anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Ni mimi, akasema.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye ninayegeuza. Kitabu cha simu hata kikishatoka unaweza kukirudia. Nikibadilisha huku, kwa aliyewasha data kinabadilika hukohuko akikifungua. Mwanzo dereva alirudi. Msomaji mmoja akaniandikia, miaka kumi na miwili hakuna anayerudi, acha kutudanganya. Nikamtoa. Baadaye nikamrudisha siku mbili, nikamtoa tena.

— Unambandua na kumbandika kama soli, Gundi akasema.

— Karatasi ilikuwa inanishika mkono. Ikishapigwa chapa, neno limekwenda, ukijuta unajutia kwako. Sisemi simu mbaya. Ninasomwa na watu ambao boksi langu lisingewafikia. Ila sijui kuacha. Mchapishaji naye kachoka. Kasema leo kabla ya saa kumi nichague mwisho mmoja, aufunge, nisiuguse tena.

— Si uchague, Wembe akasema. Hadithi tu hiyo.

— Dereva ni kaka yake, Gundi akasema taratibu. Sote tunajua.

Wembe akaona aseme kitu.

— Ndiyo hivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hakuna aliyeuliza jembe la nini.

Saa kumi kasoro kidogo akatokea mwanamke, kiatu mkononi, kisigino kimebanduka. Mke wa huyo kaka. Akampa Gundi kiatu, halafu akatoa simu yake.

— Shemeji, kile kitabu chako binti yangu aliniwekea siku kilipotoka. Sijakifungua. Humu kwangu anarudi?

Gundi akajaza misumari mdomoni. Wembe akainamisha birika, likatoa machicha. Wino akamtazama shemeji yake, akaitazama simu yake mwenyewe. Saa kumi ikamkuta hivyo, hajabonyeza kitu.

Kwa hiyo usishangae ukimtumia yule mama picha haifiki. Kazima data tangu siku ile. Anasema chake ni kile cha mwanzo, na kisiguswe. Kukisoma bado hajakisoma, lakini kilichomo anakijua, maana alikuwa nyuma ya ukuta wa kinyozi, kiatu mkononi, tangu Gundi anasema "vua viatu". Ndiye aliyenisimulia, mke wa dereva mwenyewe, mimi nimesimama mlangoni kwake na ndala mkononi, maana alikuwa kapiga deki.